Koili kubwa ilivyobadilisha atomaiza

Wadau, ukitaja sigara ya kielektroniki siku hizi, wengi wanafikiria kile kidude cha plastiki cha kuvuta na kutupa. Lakini kuna kipindi, hasa miaka ya 2010, ambapo wavutaji wengi huko Ulaya, Asia na Marekani walikuwa mafundi kabisa: wanazungusha waya wenyewe, wanakaza skrubu, wanapima omu. Swali lililowakosesha usingizi lilikuwa hili: ukishatengeneza koili kubwa, atomaiza gani itaibeba?

Turudi nyuma kidogo. Mmarekani Herbert Gilbert alipata hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1965, lakini haikuingia sokoni. Ikabidi kusubiri hadi 2003, mfamasia wa Kichina Hon Lik alipokuja na yake, akitumia mtetemo wa ultrasoniki kugeuza kimiminika kuwa mvuke. Baadaye waya wa kupashwa moto kwa umeme ukachukua nafasi hiyo. Kiwanda kiliuza kikiwa kimefungwa, waya ukiungua unatupa kipande chote na kununua kingine. Wavutaji wakachoka. Wakaanza kufungua, na mafundi wadogo wadogo wakaanza kuwachongea atomaiza za kujijengea.

Waya wenyewe haukuwa mgeni. Nikromu ya Albert Marsh ilipata hataza mwaka 1906, kisha Hans von Kantzow wa Sweden akaleta Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini. Ni ukoo ule ule wa waya wa jiko la umeme na kibaniko cha mkate! Kilichokuwa kipya ni kuusuka. Waya mwembamba ukazungushiwa juu ya waya mnene, kama uzi wa besi wa gitaa, na ndiyo maana koili hiyo ikaitwa Clapton, kwa jina la mpiga gitaa Eric Clapton. Faida yake ni kwamba eneo linalogusa kimiminika linakuwa kubwa, kwa hiyo mvuke unakuwa mwingi.

Hapo matatizo yakaanza. Waya wa kawaida wa geji 26 una unene wa kama milimita 0.4, ukiuzungusha mara sita unachukua milimita 2.4 tu. Laza nyaya mbili za namna hiyo sambamba, uzivishe waya wa geji 36, unapata utepe wenye upana wa zaidi ya milimita 1. Mizunguko ile ile sita sasa inakula zaidi ya milimita 6. Na watu walitaka koili mbili!

Atomaiza nyingi za mwanzo zilikuwa na nguzo tatu, ile ya katikati ikipokea miguu ya koili zote mbili. Matundu yake yalichongwa kwa waya mwembamba. Utepe haupiti, au ukipita skrubu inaukata, au unakaza mguu mmoja na mwingine unachomoka. Kufikia 2015 mtindo wa Velocity ulikuwa umeenea: nguzo mbili, kila moja na matundu mawili, kila mguu na tundu lake. Baadaye Goon ya 528 Customs ikatumia vibanio, waya unaingia kwa ubavuni badala ya kupenyezwa tunduni. Kipenyo nacho kikapanda, kutoka milimita 22 hadi 24 na zaidi.

Wengi walinunua kwa kutazama kipenyo. Naona walikosea mpangilio. Atomaiza pana yenye matundu finyu haina maana, kwa hiyo kwanza ni namna inavyoshika waya. Pili ni hewa, kwa sababu chuma kingi huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Tatu ni kina cha kisima cha chini, maana koili kubwa inakunywa kimiminika kama ngamia.

Na kuna nafasi kati ya koili na kifuniko cha chuma. Hii si ya starehe. Koili ikigusa kifuniko inapiga shoti. Hata bila shoti, hesabu inatisha: koili mbili zikifungwa sambamba ukinzani unashuka nusu. Ukifika omu 0.1, betri iliyojaa yenye volti 4.2 inadaiwa ampea 42, wakati betri nyingi nzuri za 18650 zimeandikiwa ampea 20 hadi 30. Vifaa vya mekanika havina saketi ya kukata umeme. Huko Marekani vifaa vya kuvutia mvuke vimelipuka na kuua, Florida mwaka 2018 na Texas mwaka 2019.

Kisha sheria zikaja. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015. Umoja wa Ulaya, kuanzia 2016, ukaweka kikomo cha mililita 2 kwa tangi. Soko likakimbilia vidude vidogo vilivyofungwa, vilivyojaa nikotini, vikapendwa na vijana wa shule, na taka zikajaa mitaani. Tarehe 1 Juni 2025 Uingereza ikapiga marufuku vile vya kutupa. Kinachoruhusiwa kuuzwa huko sasa lazima kiweze kuchajiwa, kujazwa tena, na kubadilishwa koili.