Msalaba wa Shaba na Herufi x

Wako wanaoamini kwamba hesabu ya kweli ilifika Katanga mwaka 1910, garimoshi lilipoingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na kwamba kabla ya hapo mababu walihesabu kwa vidole tu. Ardhi ya Naviundu inakataa. Hapo, pembeni mwa mji huo, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta vyungu na vipande vya shaba vya karne ya 4. Kipande cha shaba peke yake hakithibitishi hesabu, nakubali. Lakini tukitazama makaburi ya Sanga, kaskazini zaidi, tunaona misalaba ya shaba ikibadilika: ya kale ni mikubwa na inawekwa kifuani mwa marehemu, ya baadaye ni midogo, inakaribiana ukubwa, na inawekwa mikononi au kiunoni. Mwanaakiolojia Pierre de Maret alisoma badiliko hilo kama kuzaliwa kwa fedha. Mtu atasema kalibu ndiyo iliyolinganisha misalaba, si akili ya hesabu. Kalibu hutoa umbo tu. Kukubaliana kwamba huu waweza kushika nafasi ya ule, na kwamba kadhaa ya midogo ni sawa na bidhaa fulani, hilo ni wazo la usawa na uwiano, lile lile analofundishwa mtoto wa darasa la 7. Walichokuwa hawana ni maandishi yake: herufi inayosimama badala ya nambari isiyojulikana.

Na herufi hiyo ndiyo watoto wengi walinyimwa na shule ya kikoloni ya Kibelgiji. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, kiongozi wa misheni ya Wabenedikto Katanga, aliandika juu ya “walaji wa shaba”, wayeyushaji waliofanya kazi yao wakati wa kiangazi. Ustadi wao ulijulikana vizuri na wenye shule. Lakini mpango wa elimu wa 1929 uliwapa watoto wa wenyeji madaraja mawili ya msingi, la miaka 2 na la miaka 3, ukitilia mkazo kilimo na kazi za mikono. Hesabu ya mpango huo inamtosha mtu anayepimiwa mshahara. Haimtoshi anayetaka kuuliza mshahara umepimwaje. Kuna jibu kwamba waseminari walijifunza zaidi, na ni kweli, ila walikuwa wachache waliochaguliwa. Mageuzi ya 1948 yenyewe yanaonyesha mpaka ulivyowekwa: daraja la pili likagawanywa, upande wa kawaida kwa wengi, upande wa wateule kwa watakaoendelea sekondari. Chuo kikuu cha serikali kilipofunguliwa Élisabethville mwaka 1956, njia ya kukifikia ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba tangu utotoni.

Kwa hiyo naona Sheria namba 14/004 ya Kongo, ya Februari 2014, kuwa jambo kubwa kuliko inavyosemwa. Iliunganisha miaka 6 ya shule ya msingi na 2 inayofuata kuwa elimu ya msingi ya miaka 8; kwa maandishi, milinganyo, nambari hasi, maumbo na takwimu za darasa la 7 na la 8 ni haki ya kila mtoto, si zawadi ya mteule. Ila ada zilizofutwa mwaka 2019 ni za shule za msingi za serikali. Mtoto wa Naviundu akimaliza darasa la 6, wazazi wanaanza tena kulipa.