Moyo wa Chura na Maji ya Bomba

Mwaka 1882 huko London, tabibu Sydney Ringer aliona ya kuwa moyo wa chura, ingawa umetolewa mwilini, waendelea kupiga ukitiwa katika maji ya chumvi. Baadaye maji hayo yalipotengenezwa kwa maji ya mvuke, yasiyo na kitu ndani, moyo ukanyamaza. Kumbe yale ya kwanza yalikuwa ya bomba, yenye kalsiamu, iliyomo katika chokaa!

Twauliza: kiasi kidogo hivyo chawezaje kuuendesha moyo? Seli, yaani chembe hai za mwili, zina ghala ya kalsiamu ndani yake. Mwaka 1983 Streb, Irvine, Berridge na Schulz walionyesha katika seli za kongosho mjumbe aifunguaye, aitwaye IP3. Kazi ikiisha, pampu huirudisha kalsiamu upesi, maana ikikawia nje ya ghala seli hufa. Lakini moyoni mfunguzi mkuu ni kalsiamu yenyewe: ile kidogo iingiayo kutoka nje huitoa nyingi iliyomo ghalani.