Wazee Wawili wa Athens na Elimu ya Watoto Wao

Kila tunapokutana sisi wanafunzi wa zamani, chai haijapoa bado mmoja wetu ameanza kulalamika juu ya elimu ya vijana. Huyu anataka masomo ya ufundi, yule anataka mchakamchaka urudishwe, na mwisho wake tunanyosha mikono ili tujue walio wengi ni kina nani. Basi safari hii naomba niwaletee wenzangu habari za wazee wawili waliosumbuliwa na jambo hilo hilo zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, katika mji wa Athens, nchini Ugiriki.

Habari zao zimo katika kitabu kidogo cha Plato kiitwacho Laches. Plato hakuandika falsafa yake kwa namna ya hotuba. Aliandika mazungumzo, ambamo watu waliojulikana mjini kwa majina huulizana na kujibizana, na yeye mwenyewe hasemi neno.

Wazee wenyewe ni Lysimachus na Melesias. Baba yake Lysimachus alikuwa Aristides, yule aliyeongoza jeshi la Athens huko Plataea mwaka 479 K.K., Wagiriki walipowashinda Waajemi. Baba yake Melesias naye alikuwa mkubwa katika siasa za mji. Wazee hawa wanakiri jambo zito. Hula chakula pamoja na watoto wao na kuwasimulia sifa za babu zao, lakini za kwao wenyewe hawana hata moja. Wanawalaumu baba zao, kwamba walishughulikia mambo ya watu wengine wakawaacha wao wakizurura. Nadhani ni wachache kati yetu ambao neno hilo haliwachomi, hasa sisi tuliotumikia maofisi miaka mingi.

Wamewaalika majemadari wawili, Nicias na Laches, kutazama maonyesho ya mtu afundishaye kupigana kwa silaha nzito. Swali lao: je, vijana wajifunze mchezo huu? Nicias anasema ndiyo. Laches anacheka. Anasimulia alivyomwona mwalimu huyo huyo vitani baharini, ameshika silaha aliyoibuni mwenyewe, mkuki wenye mundu. Mundu ukanasa katika kamba za chombo cha adui. Vyombo vikapishana, naye akakimbia sitahani akiuvuta mkuki, mpaka akabaki ameshika ncha ya mpini tu. Walio katika kile chombo wakapiga makofi kwa kicheko. Mtu akamtupia jiwe miguuni, akauachia, na hapo hata wenzake wa chombo chake wakashindwa kujizuia, mkuki ukining'inia ng'ambo.

Majemadari wamepingana, kwa hiyo Lysimachus anamwomba Socrates apige kura ya kuamua. Socrates anakataa. Asema jambo kama hili huamuliwa kwa ujuzi, si kwa wingi wa watu. Ndugu zangu, hayo yalisemwa katika mji ambao hata vita viliamuliwa kwa kunyosha mikono.

Halafu anawarudisha nyuma. Kabla ya kuuliza habari za mikuki, waseme ni kitu gani wanachotaka kukitia ndani ya watoto. Ni ushujaa, bila shaka. Na ushujaa ni nini? Laches haoni shida: ni kusimama katika safu bila kukimbia. Lakini Socrates amkumbusha kwamba Wasparta huko Plataea walirudi nyuma kwanza, kisha wakageuka wakashinda. Laches akwama, akajikasirikia, kwa kuwa anajiona anaujua ushujaa ila neno limemponyoka. Nicias asema ni ujuzi wa yapasayo kuogopwa na yasiyopasa. Hapo Socrates agusia kwamba kwa sheria jemadari ndiye amwongozaye mwaguzi, wala si mwaguzi amwongozaye jemadari. Mwisho jibu la Nicias nalo laanguka.

Msomaji wa haraka atasema hakuna aliyefundishwa kitu. Mimi nilifikiri hivyo mara ya kwanza. Lakini mtu wa Athens aliyesoma kitabu hiki alijua mambo ambayo wazungumzaji hawakuyajua. Laches aliuawa vitani Mantinea mwaka 418 K.K. Nicias alipelekwa Sicily kuongoza jeshi kubwa. Mwezi Agosti 413 K.K. askari walikuwa tayari kuondoka kabla hawajazingirwa, ndipo mwezi ukapatwa. Askari wengi waliogopa, na Nicias akakataa hata kujadili safari mpaka zipite siku 27 walizotaja waaguzi. Siku hizo zilitosha kwa adui. Nicias aliuawa, na mateka wasiopungua 7,000 wakatiwa katika machimbo ya mawe. Athens ilikuwa na wajane na mayatima wa Sicily, na Plato aliwaachia waweke wenyewe ile sentensi ya mwaguzi karibu na ule mwezi.

Hata Socrates hakunusurika. Mtu ambaye wazee wale walimtafuta kwa ajili ya watoto wao, mji ulimhukumu kufa mwaka 399 K.K., na moja ya mashtaka ni kwamba aliwaharibu vijana.

Siku ile waliagana kwamba Socrates aje nyumbani kwa Lysimachus kesho yake alfajiri. Yule mtoto, aliyepewa jina la babu yake Aristides, alipata kweli kukaa na Socrates, kwa maana Plato anamtaja katika kitabu kingine, Theaetetus. Ametajwa miongoni mwa vijana walioondoka mapema kuliko ilivyowapasa, wakapoteza walichokuwa wamekipata. Wengine wa namna hiyo walirudi wakimsihi awapokee tena, na baadhi yao aliwapokea. Kama Aristides alipokelewa, Plato hasemi.