Kadi ya maktaba na filamu za bure: ukweli ni upi?

Wenye ndugu waliohamia Marekani husikia kwamba huko kadi ya maktaba hufungua filamu bure. Ni kweli. Maktaba nyingi za umma hulipia huduma kama Kanopy na Hoopla, na mwenye kadi hutazama kwa simu bila malipo. Kwa kuwa kwa kawaida maktaba hulipa kila filamu inapotazamwa, kila kadi huwekewa kikomo cha mwezi.

Kadi hutolewa bure kwa wakazi wa eneo la maktaba, kwa kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Hivyo anayekuuzia kadi hiyo Mantapala, Nchelenge au Mununga anakutapeli. Ukihamia huko, nenda maktabani mwenyewe. Filamu hula bando. Wi-Fi ya maktaba ni ya bure.