Ndevu za Mti: Zao Ambalo Hakuna Aliyelipanda

Muulize mwanafunzi yeyote wa Mombo akueleze historia ya uchumi wa mkoa wetu wa Tanga. Atakuanzia na mkonge. Atakwambia kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, halafu atashuka na kahawa, chai, mpira na reli iliyoanzia Tanga na kufika hapa kwetu Mombo mwaka 1905. Hatakuwa amekosea. Lakini ndugu msomaji, iangalie vizuri orodha hiyo. Yote ni habari ya vitu vilivyopandwa. Kisichopandwa hakina shamba, kisicho na shamba hakina bwana shamba, na kisicho na bwana shamba hakiandikwi popote.

Mimi nataka kuandika juu ya kitu cha namna hiyo. Hakikupandwa na mtu, hakikupaliliwa, wala hakikumwagiliwa maji. Hata hivyo ndugu zake wa pwani walipakiwa majahazini na melini, wakaenda kutia rangi nguo za mabibi wa Ulaya. Nazungumzia ndevu za mti.

Panda gari hapa Mombo, kwenye joto letu hili, uelekee Lushoto. Ni safari ya kilomita thelathini na kidogo, kona juu ya kona. Utapita Soni, utafika Lushoto mjini, na ukiendelea kupanda kwenda Magamba na Shume utaanza kutafuta sweta. Huko ukungu unalala juu ya miti. Tazama matawi: yananing'inia nyuzi za kijani zilizochanganyika na kijivu, kama ndevu za mzee aliyesahau kwenda kwa kinyozi. Wataalamu wanaziita Usnea.

Watu wengi wakiziona hudhani mti unaumwa. Mzee mmoja niliyepanda naye gari aliniuliza, "Mjukuu wangu, huo mti si unanyonywa damu?" Nikamjibu, "Hapana, babu. Huyu ni mpangaji tu, wala hamgusi mwenye nyumba." Ndivyo ilivyo. Ndevu hizi hazina mizizi. Mti kwao ni kamba ya kuanikia tu. Kwa kweli hata mmea zenyewe si mmea. Ni viumbe viwili vilivyofunga ndoa: kuvu, anayejenga nyumba na kushika maji, na mwani mdogo sana asiyeonekana kwa macho, anayepika sukari kwa mwanga wa jua. Ndoa hiyo huitwa laikeni. Mswisi Simon Schwendener alipoieleza katika miaka ya 1860, wataalamu wenzake wengi walimcheka. Leo hakuna anayecheka.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ulichoshika ni Usnea, chukua uzi mmoja mbichi uuvute taratibu kutoka pande zote mbili. Ganda la nje litakatika, na ndani utaona uzi mweupe unaovutika kama mpira.

Sasa tushuke pwani, maana huko ndiko fedha ilikokuwa.

Pwani kuna ndugu wa ndevu hizi. Jamaa hawa wanaitwa Roccella. Wao hawapendi baridi, wanapenda upepo wa bahari. Huota juu ya mikoko, vichaka na mawe ya ufukweni, wakiwa na rangi ya majivu. Ukiwatazama huoni thamani yoyote. Lakini waloweke wiki kadhaa katika mkojo uliochacha, huku ukikoroga ili hewa iingie, na majivu yale yatageuka zambarau. Ufundi huo ulijulikana zamani sana katika nchi za Mediterania. Mjini Florence, Italia, kuna ukoo uliotajirika kwa rangi hiyo hadi ukapata jina kutokana nayo: Rucellai.

Kila mahali mambo yalikwenda kwa mtindo mmoja. Wafanyabiashara walivuna hapa, pakaisha, wakahamia pale. Visiwa vya Kanari vilivunwa, Cape Verde ikavunwa, na katika karne ya 19 ikaja zamu ya Angola. Kisha zamu ikatufikia sisi wa upande huu. Vitabu vya miaka ya 1850 na 1860 vinavyoeleza biashara ya Unguja vinaitaja orkila, kama Wazungu walivyoiita, pamoja na pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, kauri na ngozi. Ilitoka pwani ya Benadir kwenye miji kama Barawa na Merka, ikatoka Lamu, na kusini ikatoka pwani ya Msumbiji.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Hakuna jembe, hakuna mbegu, hakuna kusubiri mvua. Mtu anakwenda kichakani na gunia tupu, anakwangua matawi, anarudi na gunia limejaa. Ni nyepesi, haiozi upesi, na tajiri anainunua. Nani angekataa? Ila tatizo ni kwamba laikeni za namna hii hurefuka milimita chache tu kwa mwaka. Unachokwangua asubuhi moja kilichukua miaka mingi kukua. Huko si kuvuna. Ni kutoa akiba benki bila kuweka.

Hapa ndipo ninapotaka tuulinganishe na mkonge. Vipando vya Hindorf viliagizwa kutoka Florida vikiwa elfu moja, na vilivyofika hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yakatokea mashamba yaliyofunika bonde lote kuanzia Tanga hadi kupita hapa Mombo. Kilichopandwa huzaliana. Magunia ya orkila yaliyopakiwa Unguja, hata yangekuwa mangapi, hayakuacha kipando hata kimoja.

Kwa bahati, biashara ile ilikatika kabla vichaka havijamalizwa. Na ilikatika kwa njia ya ajabu. Mwaka 1856, kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikutoka. Chupani ilibaki takataka nyeusi, na alipoisafisha kwa spiriti ikatoa zambarau. Ikawa rangi ya kwanza ya kiwandani ya aina yake kuuzwa dukani. Wafaransa wa Lyon hawakukubali kushindwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1850 wakapata mbinu ya kuifanya zambarau ya laikeni ishike vizuri zaidi kwenye hariri, na kwa muda ndevu za pwani zikazidi kutafutwa. Lakini rangi za kiwandani ziliendelea kushuka bei na kuongezeka aina. Zambarau ya laikeni pia ina aibu yake: inapauka juani. Taratibu mnunuzi akaondoka.

Na kwinini aliyoikosa Perkin? Wajerumani walikuja kuitafuta hukuhuku kwetu. Mwaka 1902 walianzisha taasisi yao ya utafiti Amani, Usambara Mashariki, wakajaribu kupanda karibu kila mti wa dunia wenye faida, pamoja na msinkona unaotoa kwinini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Lettow-Vorbeck walitibiwa kwa kwinini ya magome yake. Wapandaji wale walizikuta ndevu za mti zimejaa kwenye matawi ya Usambara, na hawakuwa na namna ya kuzifanya zao. Huwezi kupanda ukungu kwa mistari.

Kwa hiyo ndevu zetu za milimani zilisalimika? Hapana, ndugu msomaji. Zenyewe hazikuwa na soko, lakini mti uliozibeba ulikuwa nalo. Kule Shume kulikuwa na misitu ya mwangati, ule ambao Wakenya wanauita mtarakwa. Kabla ya Vita vya Kwanza, kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma kutoka huko juu hadi Mkumbara, jirani na Mombo, magogo yakawa yanaelea hewani kuja kwenye reli. Kila gogo lilihesabiwa. Ndevu zilizokuwa kwenye matawi yake hazikuhesabiwa na yeyote. Baadaye sehemu kubwa ya Shume ikapandwa misindano na misaipresi, miti inayokatwa na kupandwa tena kwa zamu. Ndevu ndefu hazipendi zamu. Zinataka mti uliotulia.

Hata makumbusho hayakuweza kuzitunza zote. Mimea mikavu mingi iliyochumwa Usambara ilipelekwa Berlin, na usiku mmoja wa Machi 1943 mabomu yakaiunguza sehemu kubwa ya hazina ile. Ilibidi watafiti wa baadaye, Swinscow na Krog, wazunguke upya Afrika Mashariki hadi walipotoa kitabu chao cha laikeni mwaka 1988.

Kwa nini nakusumbua na habari hizi leo? Kwa sababu mnunuzi aliyeondoka anaweza kurudi na jina jingine. Ndani ya ndevu hizi mna asidi ya usnea, inayojulikana tangu miaka ya 1840, na inayozuia baadhi ya bakteria. Duniani huuzwa kama dawa za asili, sabuni na marashi. Si zote za kuchezea: mwaka 2001 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vya kupunguza mwili vilivyokuwa na asidi hiyo, maana viliumiza maini ya watu. Siku tajiri akisimama hapa stendi ya Mombo na kutangaza bei ya gunia, vijana tusio na ajira tutapanda mlimani, na simlaumu atakayepanda. Namkumbusha tu hesabu ya milimita kwa mwaka. Anayezihitaji aokote zilizodondoka na upepo.

Tena kuna jambo la maji. Mpunga wetu wa Mombo unanyweshwa na mto Soni, unaoshuka kutoka milima hiyohiyo. Sisemi kwamba ndevu ndizo zinazoleta mto. Msitu mzima ndio unaonasa ukungu na kutunza maji. Lakini ndevu haziwezi kuishi hewa ikichafuka na ukungu ukikoma, hivyo zikipungua tujue msitu umeanza kukauka. Mkulima wa Mombo ambaye hajawahi kuvaa sweta maishani mwake anamiliki hisa katika ndevu za Magamba, ajue asijue. Akitaka kukagua hisa zake, nauli ya kwenda Lushoto si kubwa.