Misafara ya majeneza ya Wootton Bassett

Misafara ya majeneza ya Wootton Bassett ilipita katika mji huo mdogo wa Wiltshire, Uingereza, kuanzia mwaka 2007 hadi 2011, ikibeba wanajeshi waliofariki Iraq na Afghanistan. Miili iliteremshwa katika uwanja wa kijeshi wa Lyneham, kisha ikapelekwa Oxford kwa uchunguzi.

Heshima hiyo haikuagizwa na serikali. Ilianza na wanajeshi wastaafu wachache waliopiga saluti. Baadaye kengele ya kanisa ililia, maduka yakasimama na maelfu wakajipanga kimya barabarani. Walipita marehemu 345.

Desturi ilikoma vita vikiendelea bado, kwa kuwa ndege zilihamishiwa Brize Norton. Tarehe 31 Agosti 2011 bendera ilishushwa machweo. Oktoba mji ulipewa jina la heshima "Royal".