Konzo: Maradhi ya Miguu Iliyofungwa

Baada ya swala ya Ijumaa hapa Dumila, baba mmoja aliyehamia kutoka mikoa ya kusini alinijia na maswali mawili. Binti yake alilala mzima wakati wa njaa, akaamka miguu imekakamaa, na mpaka leo anatembelea fimbo. Aswali vipi? Na je, ni kweli amerogwa, kama walivyosema majirani wa huko?

La kwanza jibu lake ni fupi. Imran bin Huswayn (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimruhusu kukaa asipoweza kusimama, na kulalia ubavu asipoweza kukaa. Hadithi imo katika Sahihi ya Bukhari. La pili ndilo lililonishikisha kalamu.

Ndugu msomaji, wanazuoni wetu wa tiba waliandika mengi juu ya kupooza. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), alikuweka katika maradhi ya neva ndani ya Al-Qanun. Lakini muhogo hakupata kuuona. Uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini karne nyingi baada yake, na maradhi haya yamo ndani ya muhogo.

Mwaka 1938 tabibu Trolli aliyaandika kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Wayaka wa huko waliyaita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya elfu moja walipatwa Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Kwetu yalionekana Tarime mwaka 1985. Dk. Howlett, Dk. Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao waliyachunguza, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Baadaye yakazuka tena Mtwara na Mbinga.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ukame huizidisha. Kuloweka na kuvundika kwa siku kadhaa huiondoa. Njaa ikibana, mama hufupisha siku. Mwili nao huhitaji salfa ya protini ili kuivunja sumu hiyo, na nyumba isiyo na maharage wala dagaa haina salfa hiyo. Zinazodhurika ni neva zinazopeleka amri ya kutembea kutoka ubongoni kupitia uti wa mgongo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, kwa saa au siku chache, kisha hali husimama palepale. Haizidi, wala haiponi. Kwa hiyo uchawi hauna nafasi hapa. Aliyefunga miguu ya binti yule ni ukame na ungo wa unga.

Lakini si kila miguu iliyokakamaa ni konzo. Kifua kikuu cha mifupa ya mgongo na kichocho kilichofika kwenye uti huweza kufanana nayo, na hayo yana dawa. Basi hospitali kwanza, hata kama mgonjwa amekwisha kaa miaka. Mwenye konzo husaidiwa kwa mazoezi ya viungo, fimbo, na pengine upasuaji wa kano za kisigino.

Jambo moja linatuhusu sisi watu wa njia panda. Huko Bandundu, Kongo, watafiti walikuta kuwa biashara ya muhogo kwenda Kinshasa ilipochangamka, siku za kuloweka zilipungua kutoka tatu hadi moja. Soko letu nalo liko kando ya barabara ya Dodoma. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji umefichwa chini, akamkemea mwenye mali kuwa ni udanganyifu. Mafakihi wakachukua humo kwamba muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake lazima aibainishe, na mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha. Unga wa muhogo mchungu usiolowekwa una aibu kubwa kuliko unyevu, nayo haionekani kwa macho.

Profesa Bradbury wa Australia alionyesha njia nyepesi: unga huchanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba juani saa mbili, au kivulini saa tano, kisha ukapikwa siku hiyohiyo. Nimemweleza baba yule, naye amemweleza mkewe. Binti anaswali akiwa amekaa.